Mlango wa Tumpe

Taa iliwaka Tusekile akiwa anaepua ndizi.

Alikuwa uani, ameinama juu ya bomba la mvuke, kitambaa mkononi, akivuta kikapu cha waya kilichojaa ndizi za mbalaga. Siku hizi Tukuyu hakuna anayepikia kuni. Joto linatoka chini ya mlima Rungwe, linakuja kwa bomba hadi uani kwa kila mtu, na ndizi zinaiva huku mpishi bado anamenya kitunguu. Mvuke ulikuwa umemziba macho, ndiyo maana hakuona kitu mpaka jirani yake Sekela alipopaza sauti kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Tumpe! We mama Tumpe! Mmefungua baa huko kwenu?"

"Baa ya nini, Sekela?"

"Zunguka mbele ujionee. Mlango wako unang'aa kuliko baa ya stendi."

Tusekile alicheka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akazunguka. Kicheko kilimwishia kwenye kona ya nyumba.

Juu ya kila mlango wa mji ule palikuwa na kioo kidogo cha mviringo, kama kizibo cha chupa. Kiliwekwa na serikali mwaka ule Sheria ya Mlango ilipopita, na watu walikizoea hadi wakaacha kukiona. Nyigu walijenga pembeni mwake, watoto walikilenga kwa kokoto. Cha Tusekile hakikuwahi kuwaka. Sasa kilikuwa buluu, buluu ya kutulia, isiyopepesa.

Na mlango ulisema, kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kujua unayo: "Mlango huu sasa ni wa Tumpe. Asizuiwe kutoka."

Alishika kitasa aufunge. Kilizunguka bure mkononi mwake kama pedeli ya baiskeli iliyokatika mnyororo.

"Pole, jamani," Sekela, aliyemfuata mpaka mbele, alisema, na jicho lake halikuwa na pole hata kidogo. Lilikuwa linatazama ndani, kumtafuta mwanamume.

Tusekile aliijua sheria ile kuliko wengi. Alipokuwa akihudhuria masomo ya jioni, mtoto mgongoni, daftari magotini, walipewa mada ya mjadala, naye akasimama kuitetea. Alisema mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba. Alisema kama mlango unaweza kumficha mtoto anayepigwa, basi mlango nao ni mshirika. Walimpigia makofi. Lakini sheria tamu ni ile inayogonga kwa jirani; ikigonga kwako unaanza kuichunguza meno.

Tumpe alikuwa sebuleni, kitabu cha hesabu mapajani, hajafungua hata ukurasa. Alikuwa na miaka kumi na mitano na shingo ndefu ya marehemu baba yake. Kwenye mkono wa kushoto alivaa bangili ya kijivu, ile ambayo kila mtoto huvishwa akimaliza darasa la tano.

"Mwanangu," Tusekile alisema.

"Mama."

"Ni kweli?"

Tumpe aliitazama bangili, kisha akatazama sakafu. "Shangazi atakueleza."

Watu waliiita bangili ile Shangazi kwa sababu kuna mambo mtoto hawezi kumwambia mama, akamwambia shangazi. Watoto waliongea nayo wakienda shule, wakifua, wakiwa wamejifunika shuka. Mzazi hakuruhusiwa kusikia. Ila siku taa inapowaka, mzazi ana haki ya kuelezwa njia zake.

Bangili ilisema: "Habari za jioni, mama Tumpe."

Tusekile aligundua kwa hasira kwamba alitaka kuiamkia. Ilikuwa na sauti ya mama wa makamo, lafudhi ya kwao kabisa, ya mtu aliyekulia Kyimo akinywa maziwa mgando. Nani aliifundisha kuongea hivyo? Na kwa nini? Mgeni anayekuja na lafudhi ya kwenu, muulize alikuwa anakusikiliza tangu lini.

"Nieleze," alisema.

"Una njia mbili. Ya kwanza ni kuridhia. Ukiridhia, Tumpe ataondoka na kuishi mahali atakapochagua, afisa akishapakagua. Sababu yake itafungwa. Hutaijua leo wala baadaye. Njia ya pili ni kupinga. Ukipinga, sababu itasemwa kwa sauti hapa nyumbani, mbele ya wote wanaolala chini ya paa hili. Mlango utabaki wazi wakati huo, na atakayepita akisikia, asikie. Halafu afisa ataamua. Akiona hakuna hatari, taa itazimwa, na Tumpe hawezi kuomba tena mpaka atimize miaka kumi na minane. Afisa atakuja kesho mchana."

"Sababu ni hatari? Ndicho unachosema?"

"Sheria haifungui mlango bila hatari, mama."

"Hatari kutoka kwa nani?"

"Hilo limo ndani ya sababu."

Tusekile alimgeukia binti yake. Tumpe alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka umekuwa mweupe. Na wakati huo huo, nje, mtu alikohoa mara mbili.

Alikuwa Lwitiko. Kila mara alikohoa kabla ya kuingia.

*

Walikuwa wameoana kwa miaka miwili. Lwitiko alikuwa fundi wa mashine za kuchuma chai, zile zinazopita juu ya mashamba kama nzige wapole, zikikata majani mawili na chipukizi. Mikono yake ilinukia mafuta na majani mabichi. Hakunywa, hakupiga kelele. Wanawake wa kanisani walimwambia Tusekile, mjane mwenzetu umeokota dhahabu njiani. Naye aliamini hivyo mpaka jioni ile.

Kwa maana shaka ikishaingia, hurudi nyuma ikachambua kila kitu kama mtu anayechagua mchele. Kikohozi, kwa mfano. Mtu anayekohoa kabla ya kuingia kwake mwenyewe anamtahadharisha nani? Tena Tumpe akiingia sebuleni, Lwitiko hutoka. Chakula kikipakuliwa, anachukua sahani yake na kwenda kulia kwenye ngazi ya nyuma, hata mvua inyeshe. Hakuwahi kumwita binti kwa jina. Alisema "mtoto", alisema "huyu". Na komeo! Mwaka jana, bila kuombwa na mtu, alipigilia komeo la chuma kwenye mlango wa chumba cha Tumpe, upande wa ndani. Siku ile Tusekile aliona ni ustaarabu. Sasa alisimama mbele ya komeo lile akaona linamtazama. Komeo la nini katika nyumba ya watu watatu? Mtu hukinga hatari anayoijua.

Usiku ule alilala chumbani kwa Tumpe, chini, kwenye mkeka. Hakuuliza. Tumpe hakusema. Walisikilizana wakipumua kama watu wawili wanaosubiri basi moja bila kufahamiana.

Asubuhi alimkuta Lwitiko bandani nyuma ya nyumba, amefungua tumbo la mashine, bisibisi mkononi.

"Uliza," Lwitiko alisema kabla hajageuka. "Tangu jana unanitazama kama nimeiba kuku. Uliza, mama Tumpe."

"Umemfanya nini mwanangu?"

Lwitiko aliiweka bisibisi chini taratibu. "Sijamfanya kitu."

"Mbona humkaribii?"

"Ili mtu asije akasema nimemfanya kitu. Watu waseme, hata nikiishi miaka mia: hakumkaribia."

"Usinizungushe, Lwitiko. Jibu kama unajibu mtu."

Lwitiko alikaa juu ya debe. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ya Tukuyu isiyoanza wala kuisha. "Nimelelewa na babu, kule Lwangwa. Babu alisema baba na mtoto aliyekua hawagombanii hewa ya chumba kimoja. Zamani watoto wakishajua kuchunga, waliondoka kwa wazazi. Rika moja walikwenda pembeni wakajenga vibanda vyao, wakalala huko. Walirudi kula tu, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule, kundi zima. Heshima ya nyumba ilikuwa hiyo. Sasa sisi hatuna pembeni pa kuwapeleka watoto. Basi nikasema, kama mtoto hana pa kwenda, atakayetoka ni mimi. Akiingia, natoka. Na mimi si baba yake wa kumzaa. Si ilinipasa nizidishe heshima hiyo?"

Yalikuwa maneno mazuri. Hilo ndilo lililomtesa Tusekile: mwenye hatia na asiye na hatia wangeweza kuyasema yale yale, kwa uso ule ule, wakiwa wamekaa juu ya debe lile lile.

"Nataka uondoke," alisema.

Mashine ililia mlio mdogo, ikanyamaza.

"Nikiondoka leo, mtaa mzima utasema nimehukumiwa."

"Nikikuacha, na ni kweli, nitakuwa nimemhukumu yeye."

Lwitiko alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali hesabu aliyoombea isitoke vile. Alikwenda ndani, akatoka na begi moja. Hakuaga. Pale getini Sekela alikuwa anafagia mahali palipofagiliwa, akamwamkia kwa sauti ndefu kuliko kawaida.

*

Afisa ustawi alifika mchana. Aliitwa Kitundu, kijana wa Singida aliyehamishiwa huku majuzi, na baridi ya Tukuyu ilikuwa imemkamata puani. Alipiga chafya mlangoni, akaomba radhi, akapiga nyingine, akapewa kiti na chai ya tangawizi. Tusekile alimtazama kwa shaka hata yeye. Kijana hivi, hana hata pete kidoleni, ndiye wa kupima nyumba za watu?

"Mama, umeamua?" aliuliza.

"Nipe nafasi niseme na binti yangu kwanza."

Alimgeukia Tumpe, ambaye alikuwa ameketi na begi la shule miguuni. "Lwitiko ameondoka. Nimemwondoa asubuhi, ulipokuwa unaoga. Kama ni yeye, Tumpe, huna haja ya kutoka. Hii nyumba ni yako. Hatarudi."

Alidhani ataona faraja. Badala yake rangi ilimtoka binti yule usoni.

"Umemwondoa? Ameenda wapi?"

"Kazini kwake, sijui. Kwani unataka kujua?"

"Mama, si yeye!" Tumpe alisimama, begi likaanguka. "Si yeye, jamani! Hajanifanya kitu. Haniongeleshi hata!"

"Kaa chini. Sema polepole."

"Tulitaka kukaa pamoja. Mimi na Atupele na Subilaga. Kile kibanda cha vitalu vya chai, kule juu, tumekitengeneza wenyewe. Tumekipaka rangi. Mama zao wamewaruhusu."

"Na mimi? Mbona hukuniomba?"

"Ungekataa."

Tusekile aliliokota begi, akaliweka kitini.

"Nilikuomba nilale kwa kina Atupele siku moja tu," Tumpe aliendelea, machozi yakimtoka bila sauti. "Siku moja. Ulikuja kunichukua usiku na mwavuli, umevaa viatu tofauti. Wote walicheka. Tangu baba afukiwe na maporomoko ya udongo kule alikokwenda kulala ugenini, hutaki mtu alale popote. Najua kwa nini, mama. Lakini mimi nitalala wapi maisha yangu yote?"

Kitundu alishika kikombe chake kwa mikono miwili, hajui aangalie wapi.

"Tukamuuliza Shangazi. Akasema sheria haimfungulii mtoto anayetaka, humfungulia anayekimbia. Halafu akaanza kuniuliza maswali. Baba wa kambo anakuongelesha? Nikasema hapana. Mnakula pamoja? Hapana. Unamwogopa? Nikanyamaza. Nilijua nikinyamaza nini kitatokea. Sikusema uongo, mama. Nilinyamaza tu."

Furaha ilimjia Tusekile, nyuma yake hasira, na nyuma ya hasira, ikinyata, shaka ikarudi tena. Kwa sababu mtoto aliyeumizwa naye angesema hivi hivi, akishaona begi la mwanamume limetoka getini na mama yake amebaki peke yake.

Bangili iliongea. "Maneno haya nimeyasikia. Mtoto anapobadili kauli baada ya mtu mzima kuondolewa nyumbani, mara nyingi ni hofu, au huruma. Siwezi kuyapokea. Sababu ya kwanza inabaki."

"Lakini ni yangu!" Tumpe aliipigia kelele bangili. "Sababu ni yangu mwenyewe!"

"Ilikuwa yako ulipokuwa hujanipa, mwanangu."

Hata Kitundu alitazama bangili ile kwa jicho jipya, kama mtu aliyekuta mbwa wa nyumbani ana meno mengi kuliko alivyodhani.

"Afisa," Tusekile alisema, "nikiridhia sasa hivi inakuwaje?"

"Binti anaondoka. Sababu inafungwa."

"Na mume wangu?"

"Hatashtakiwa. Sababu iliyofungwa haimshtaki mtu. Lakini..." alivuta kamasi, akaona aibu, "lakini taa iliwaka, mama. Kila mtu ameiona."

"Nikipinga?"

"Itasemwa. Nitaamua hapa hapa."

Ndipo Tumpe alipoushika mkono wa mama yake. "Pinga, mama."

"Utafungiwa mlango. Miaka mitatu."

"Najua."

"Na Sekela yuko pale kwenye ua, anajidai anachuma mchicha. Mtaa utakusikia."

"Mtaa unasema tayari. Unasema uongo. Bora useme kile kile nilichokifanya."

Tusekile alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Alikuwa akitafuta nyufa, dalili, kitu kilichofichwa chini ya kitu. Aliona mtoto aliyeogopa. Lakini hofu haina jina usoni. Haiandikwi imetoka kwa nani.

"Napinga," alisema. "Mwiteni mume wangu. Naye alilala chini ya paa hili."

*

Lwitiko alikuja na nguo za kazi, akasimama nje, matone ya bati yakimwangukia begani. Aliambiwa aingie, akasema hapa panatosha. Sekela alikuwa ameacha kabisa kujidai. Alisimama na mchicha mmoja mkononi.

Shangazi alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Mtoto na mwanamume huyu hawasemezani. Hawali pamoja. Mwanamume akikohoa mlangoni, moyo wa mtoto huenda mbio. Chumba cha mtoto kina komeo la ndani. Nilimuuliza kama mwanamume amewahi kumgusa au kumtisha, akasema hapana. Nilimuuliza kama anamwogopa, akanyamaza. Nimekipa kile kimya uzito kuliko ile hapana, kwa sababu watoto wengi waliokuwa hatarini walisema hapana. Hiyo ndiyo sababu."

Kila mtu alikuwa anangoja iendelee.

"Ndiyo hiyo tu?" Sekela aliuliza kutoka uani, na alionekana amedhulumiwa.

"Moyo ulienda mbio kwa sababu nilikuwa nakunong'oneza wewe siri zangu, akatokea!" Tumpe alisema. "Hata Atupele wake unaenda mbio!"

Lwitiko alikuwa amevua kofia. Alipoongea, alimwambia Tumpe, ingawa alikuwa akitazama kizingiti. "Sikujua kwamba kunyamaza kwangu kunapimwa. Nilidhani ni zawadi."

"Samahani," Tumpe alisema.

Kitundu alisafisha koo. Kijana alikuwa ameketi wima sasa, na Tusekile akaona kwamba hakuwa mjinga, alikuwa mgonjwa tu. "Mama. Kabla sijaamua, sheria inataka neno la mzazi. Umeishi na mtu huyu. Unathibitisha kwamba hakuna hatari katika nyumba hii? Ndiyo au hapana."

Wote walimgeukia. Lwitiko pia, kwa mara ya kwanza tangu jana alimtazama machoni, na macho yake yalikuwa yakiomba neno moja dogo tu. Ndiyo. Neno la herufi chache la kumrudishia jina lake mbele ya mtaa. Tusekile alimpenda mtu yule. Alijua anavyolala, anavyokunja soksi. Na hakujua kitu kingine chochote.

Aliwakumbuka akina mama waliowahi kuulizwa hivi, wakasema ndiyo, kumbe watoto wao walikuwa wakiumizwa. Kila mmoja wao alikuwa na hakika.

"Sijui," Tusekile alisema.

"Mama, ni ndiyo au..."

"Nimekusikia. Sijui. Naamini hakuna. Nikiapa, nitakuwa naapia kifua cha mtu mwingine. Sijui, afisa, na mwanangu asije akasikia mama yake aliapa kwa jambo asilolijua."

"Sheria haina mahali pa sijui."

"Basi imepungukiwa."

Kitundu alipiga chafya, safari hii kwa nguvu, na katika nafasi ile ya kujipangusa, Tusekile aliona kitu ambacho kilikuwa wazi muda wote kama mlango wenyewe. Walikuwa wamebishana kuhusu mtoto kuondoka bila ruhusa. Hakuna aliyeuliza habari ya ruhusa.

"Niulize swali," alisema. "Mzazi akimruhusu mtoto wake kwenda kulala mahali, sheria inahitaji sababu?"

"Hapana. Hapo hakuna shauri. Ni mtoto aliyeruhusiwa na mama yake, basi."

"Hata kama taa imewaka?"

Afisa alifikiri. Alionekana kufurahi kuulizwa jambo la kufikiri. "Ruhusa ikitolewa kabla sijaamua, shauri linaanguka lote. Maombi, pingamizi, sababu. Hakuna aliyeshinda. Hakuna aliyesafishwa pia," aliongeza polepole, akimtazama Lwitiko.

"Shangazi," Tusekile alisema, "ndivyo?"

Bangili ilichelewa kidogo. "Ndivyo, mama Tumpe. Watu hawaitumii njia hiyo. Mpaka taa iwake, huwa wamechelewa kuruhusu."

Lwitiko aliligeuza begi lake mkononi. "Na mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nabaki wapi, mama Tumpe?"

"Wewe bado," Tusekile alimjibu, wala hakuyapaka maneno asali. Kisha akamgeukia binti yake. "Nionyeshe hicho kibanda. Nikikipenda, nenda. Nimekuruhusu."

Taa ya buluu ilizimika mchana kweupe, na mtu asiyekuwa akiitazama asingejua.

*

Kibanda hakikumpendeza. Kilikuwa kimepakwa rangi ya waridi ambayo hata ng'ombe wangeikimbia. Lakini Tusekile alikwenda nyuma yake, akapima mlima kwa macho, akautikisa ukuta, akafukua udongo kwa kisigino kuona kama una maji. Ulikuwa mkavu, mwamba juu juu. Atupele na Subilaga, wasichana wawili wenye heshima za kuazima, walimfuata kila alikokwenda wakisema "ndiyo mama, ndiyo mama" hata alipokuwa hajasema kitu. Aliwaambia wachimbe mfereji. Aliwaambia mvua ikizidi wasisubiri kuambiwa, wakimbilie kwake, hata kama watu watacheka. Alimshika Tumpe kichwa kwa mikono yote miwili, akakinusa, akakiachia.

"Mtakula wapi?"

Walitazamana. Walikuwa wamefikiria rangi, mapazia, na zamu ya kufagia. Chakula hawakukifikiria.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba jioni ya kwanza walikuja kwake wote watatu, njaa imewashika, viatu vimejaa tope. Tusekile alikuwa amepika kwa mazoea yake, kipimo cha binti mmoja. Alikigawa kile kilichokuwepo, akajiwekea ukoko. Wakala, wakapigana viwiko, wakamsengenya mwalimu wa fizikia, wakamcheka Sekela aliyekuja "kuazima chumvi" mara mbili kabla ya maharage kuisha. Tusekile hakucheka nao sana. Alikuwa akimchunguza Tumpe anavyokaa, anavyomeza, mabega yake yalivyo Lwitiko, aliyekuwa amerudi, anapopita kwenda kuchota maji.

"Mama," Tumpe alisema bila kuinua kichwa, "acha kunisoma. Kula."

Walipoondoka, Atupele alirudi mbio kutoka njiani. "Mama, kesho ni zamu ya kwa mama Subilaga. Usitupikie!" Akapotea tena kizani kwa kicheko.

Tusekile alikusanya sahani. Lwitiko, ambaye alirudi kwa sababu binti hakulala tena chini ya paa lile, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma, mgongo kwa mlango.

"Kesho jioni hakuna mtoto," Tusekile alimwambia. "Hakuna bangili. Tutakuwa wawili tu."

"Ndiyo."

"Utanieleza mambo yako. Tangu ulipozaliwa. Ulilala wapi, na nani, nani alikufukuza na kwa nini. Nimeolewa na wewe miaka miwili, najua tu unapenda chai bila sukari."

Lwitiko alifikiri. "Ni marefu."

"Nimepata jioni nyingi."

"Na ukishasikia yote?"

"Nitakuamini, au sitakuamini. Lakini nitakuwa nimekuuliza wewe, si komeo."

Lwitiko alicheka kidogo puani, kicheko cha mtu aliyechoka, akataka kuendelea kukaa pale alipozoea. Tusekile aliusukuma mlango ukafunguka wote, akavuta kiti kingine mezani.

"Kwa nini tungoje kesho," alisema. "Ingia, uanze."

Lwitiko aliingia. Alikaa, akaweka mikono yake juu ya meza, haijui ifanye nini. "Nilizaliwa Lwangwa," alianza, "mwaka wa mvua kubwa, nyumba ya mwisho kabla ya mto." Na Tusekile akasogeza kiti chake karibu, mpaka akauona uso wake wote.